Kupaua nyumba ambayo kuta hazijakaa kwenye vipimo: fuata kamba, achana na ukuta

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa mafundi wanaoanza kupaua na kwa wenye nyumba wa huku kwetu, Tabora mjini, Urambo, Kaliua mpaka Kasulu na Kigoma, maana ikifika mwezi wa tisa wa kumi kila mtu anakimbizana na mvua anataka bati ziwe juu, na hapo ndo unaitwa saiti unakuta kuta zimeshasimama, aliyejenga kashalipwa kaondoka, ukipiga futi upana upande wa kushoto ni mita 8 kamili, katikati mita 8 na sentimita 3, kulia mita 7 na sentimita 96. Mwenye nyumba anakwambia fundi we panga tu kenchi (zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba bati), hiyo tutaficha na plasta. Plasta inaficha ukuta, paa haifichiki, mtu akisimama barabarani anaona mgongo wa nyumba umepanda umeshuka.

Na kabla hujaanza kumlaumu aliyejenga, elewa nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma. Kila mfyatuaji ana kibao chake, afu kwenye tanuru zile zilizokaa karibu na moto zinasinyaa na kupinda, za pembeni zinabaki kubwa na laini. Ukizijenga kwa udongo mpaka juu, kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari wa tofali, hizo tofauti ndogo ndogo zinajumlishana, kwahiyo sentimita 2 mpaka 5 kwenye nyumba ya mita 8 kwa 10 ni jambo la kawaida kabisa. Cha msingi ni wewe unayepaua uzimalize hizo tofauti sehemu sahihi.

Sehemu sahihi ni mbili tu: kwenye wolpleti, yaani ule ubao unaolala juu ya ukuta, na kwenye upenu, bati inapotoka nje. Kenchi zenyewe ziwe sawa zote, kama zimetoka mashine moja. Fundi anayekata kila kenchi kufuata upana wa ukuta pale inapokaa anajitengenezea balaa, kwasababu ukitumia mlalo uleule, yaani mteremko wa paa, tofauti ya senti 7 kati ya 8.03 na 7.96 inafanya kilele kipishane karibu senti moja na nusu, na hiyo inatosha kabisa kufanya papi (mbao zinazokatiza juu ya kenchi, ndo bati inapigiliwa hapo) zicheze, bati isilale, na kofia, ile bati ya kileleni, ionekane imeyumba. Hapa nazungumzia paa la kawaida la gebo mbili (gebo ni ule ukuta wa ubavuni unaopanda kwa ncha mpaka kileleni), lile linalomwaga maji mbele na nyuma.

Hatua ya 1: pima kabla hujanunua mbao

Hii watu wanairuka sana. Wanaenda kununua mbao kwa kutumia vipimo vya kwenye ramani wakati nyumba iliyosimama sio ile ya kwenye ramani.

Chukua futi ndefu na msaidizi, pandeni juu. Pima upana nje kwa nje kila baada ya mita 2, sio kwenye kona tu, maana ukuta wa tofali za udongo mara nyingi kona ziko vizuri ila katikati umetoa kitumbo. Kila kipimo kiandike palepale ukutani kwa mkaa. Pima na urefu wa mbele na wa nyuma. Halafu pima kona kwa kona, zote mbili. Nyumba ya 8 kwa 10 iliyo kwenye skwea, yaani kona zote ni nyuzi 90, kona kwa kona inatakiwa ije mita 12 na senti 81 hivi pande zote mbili. Ukipata upande mmoja 12.85 na mwingine 12.76 ujue nyumba imekwenda upande karibu senti 6 kwenye ule upana wa mita 8. Hiyo namba iandike, utaihitaji kwenye kupanga kenchi ya kwanza.

Baada ya hapo levo. Pima maji ya mkononi usiitegemee kwa mita 10, tumia ule mpira mwembamba mweupe unaoona maji ndani. Jaza maji taratibu mpaka mapovu yote yatoke, mapovu yakibaki ndani yanakudanganya, afu mmoja ashike kona moja mwingine azunguke kona zote na katikati ya kila ukuta. Utagundua kona ipi iko juu kuliko zote. Hiyo ndo unaanzia, zingine zote zitapandishwa zifikie hapo. Unapandisha, hushushi, isipokuwa tofali moja mbili zilizochomoza.

Usisahau kuta za ndani. Hili nalisisitiza kwasababu linaleta nyufa ambazo watu wanadhani ni msingi. Kenchi imepigiwa hesabu ikae kwenye kuta mbili za nje, sasa ukuta wa koridoo ukiwa juu kuliko wa nje hata kwa senti mbili, kenchi inakalia pale katikati, inabembea, na uzito wote unahamia sehemu ambayo haikuandaliwa. Ukuta wa ndani punguza, acha nafasi ya senti 1 mpaka 2 chini ya ubao, dari itakuja kufunika.

Mwisho dondosha timazi kwenye kuta za nje. Ukuta uliopinda na ukuta uliolala ni vitu viwili tofauti. Uliopinda tunaufanyia kazi hapo juu, ila uliolala nje na una ufa usiuwekee paa kabisa. Ongea na mwenye nyumba, mvunje kozi za juu mjenge upya au mwage lenta (ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta), hata kama mvua inanukia.

Hatua ya 2: amua nini kinavumilika

Mimi naenda hivi. Tofauti isiyozidi senti 2 kwenye upana naachana nayo, itamezwa na upenu. Kuanzia senti 2 mpaka 8, kutegemea ukuta una unene gani, namaliza kwenye wolpleti. Ikizidi hapo narudi kwenye ukuta. Kwenye levo, mpaka senti 5 napandisha kwa mchanga na saruji, zaidi ya hapo namwaga zege nyembamba yenye nondo au naongeza kozi ya tofali.

Hatua ya 3: wolpleti, hapa ndo kazi yote ilipo

Tumia ubao wa 2 kwa 4 umelala, kwahiyo upana wake juu ya ukuta ni kama senti 10. Ukuta wa bloku ya inchi 6 una senti 15, maana yake una senti 5 za kuchezea. Ukuta wa tofali za kuchoma uliolazwa vizuri unafika senti 20 na kitu, hapo una nafasi ya kutosha. Hiyo nafasi ndo dawa yako.

Turudi kwenye vipimo vyetu. Pembamba kuliko zote ni 7.96. Toa senti 1 kila upande, unabaki na 7.94, na hicho ndo kinakuwa kipimo cha wolpleti nje kwa nje kuanzia mwanzo wa nyumba mpaka mwisho. Kule kulia penye 7.96 ubao utakuwa umeingia ndani senti 1 kutoka uso wa ukuta, kushoto penye 8.00 senti 3, katikati penye 8.03 senti 4 na nusu. Hata kwenye ukuta wa senti 15, ubao wa senti 10 ulioingia senti 4 na nusu bado uko juu ya ukuta wote, haujaning'inia popote. Ukuta umepinda, wolpleti imenyooka. Kama kitumbo kiko upande mmoja tu basi ubao wa upande huo ndo utaingia ndani zaidi, wewe angalia kamba, usigawanye sawa kwa lazima.

Namna ya kuinyoosha: piga msumari kona hadi kona, vuta kamba mpaka ilie ukiigusa, mita 10 kamba ikilegea inashuka katikati na upepo unaisukuma, kwahiyo ishikilie na kipande cha ubao katikati ukiona inacheza. Upande wa pili usivute kamba kwa kufuata ukuta wake, vuta kwa kupima 7.94 kutoka kamba ya kwanza, kila mita 2. Kamba mbili zikiwa sambamba umeshamaliza nusu ya kazi ya kupaua.

Kuna nyumba moja Urambo mama mwenye nyumba alikuwa amekaa pale chini ya mwembe anatuangalia, tulipolaza ubao akasimama. "Fundi shikamoo yangu usiiitikie bado, mbona huo ubao umeukimbiza ndani, huku umeacha tofali nje?" Nikamwambia, "Mama, sogea hapa kwenye kona, funga jicho moja uangalie ubao." Akaangalia ubao, akaangalia ukuta chini yake, akaona mwenyewe kitumbo kilipo. "Kumbe ukuta ndo umepinda." Basi, hapakuwa na mabishano tena. Mwite mwenye nyumba aone kwa macho yake wakati ubao uko wazi, ukishapiga bati hataelewa kwanini ulipoteza siku nzima kwenye ubao mmoja.

Levo sasa. Loanisha juu ya ukuta, weka mchanga na saruji tatu kwa moja, sawazisha kufuata alama za mpira wa maji. Acha ikauke, tandika nailoni nzito ili unyevu wa ukuta usiingie kwenye mbao, ndo ulaze wolpleti. Usifanye ile ya kuweka vipande vya mbao au mawe chini ya kila kenchi, kipande kimoja kikitoka kenchi inashuka na bati inafunguka. Kama ni lazima uweke kabari basi iwe ya mbao ngumu, ienee upana wote wa ubao, upigilie msumari, afu ujaze mchanga na saruji pembeni yake.

Kufunga. Kama lenta iliachiwa nondo nyembamba au waya umechomoza, mshukuru aliyejenga. Kama haikuachiwa, usipigilie wolpleti na misumari kwenye tofali ukadhani umefunga. Toboa ukuta kozi mbili tatu chini, chini ya lenta kama ipo, pitisha waya mnene uliokunjwa mara mbili, uzungushe juu ya wolpleti, usokote mpaka ukaze, na uache mkia wa kufungia kenchi. Fanya hivyo kila kenchi inapokaa. Upepo wa huku unaotangulia mvua mnaujua, na kule Kigoma ukiwa vilima vya juu vinavyotazama ziwa hali ni hiyohiyo.

Mchwa: kama umenunua paina ya Mafinga nunua ile ya dawa, na kila unapokata kichwa cha ubao paka dawa tena, maana umefungua sehemu ambayo dawa haikufika. Ukitumia mbao zetu za miombo kama mtundu au mkurungu hakikisha zina vibali vya TFS (wakala wa misitu wa serikali) na zimekauka.

Hatua ya 4: kenchi ya kwanza chini

Tafuta uwanja ulio sawa, fagia, piga mambo (vigingi) ardhini. Chora kenchi nzima kwa kamba: upana 7.94 kati ya ncha za nje za wolpleti, katikati panda mita 1 na senti 60 kama ndo mlalo uliokubaliwa. Rafta, ule ubao wa kenchi unaopanda kutoka ukutani mpaka kileleni, itakuja kama mita 4 na senti 28. Mkia wa upenu ongeza senti 70, hata kama unataka upenu wa senti 60, usikate sasa hivi. Hiyo ziada ndo itakuokoa mbeleni.

Mbao nyingi zinakuja futi 12 kwahiyo tai bimu, ule ubao wa chini wa kenchi unaolala ukuta hadi ukuta, lazima uunge. Usiunge katikati kabisa chini ya kilele, na kenchi mbili zinazofuatana maungio yasikae sehemu moja. Weka viraka vya mbao pande zote mbili, urefu usipungue senti 60, misumari ipishane isikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi, itapasua. Mbao ngumu toboa kwanza na keekee. Inyanyue tai bimu senti 2 katikati kabla hujapigilia, ikibeba bati na dari itashuka yenyewe ikae sawa.

Kiungo cha kisigino, pale rafta inapokutana na tai bimu, ndo kiungo kinachobeba kuliko vyote. Kiwe juu ya wolpleti. Kikikaa nje ya ukuta au kikiingia sana ndani, tai bimu inaanza kupinda. Hapa unaona faida ya wolpleti kuwa sambamba, kisigino kinakuja palepale kwenye kila kenchi.

Kenchi hii ikishakamilika ipime, kona zake, kilele kiwe katikati, afu iache palepale chini. Zingine zote pigilia juu yake. Usitumie ya pili kupimia ya tatu na ya tatu kupimia ya nne, makosa yanatembea. Na zote ziwekee alama upande mmoja, mbele au nyuma, ili ukizipandisha usizigeuze, kwasababu hata kenchi nzuri ina tofauti kidogo kati ya kushoto na kulia, ikigeuka inaonekana.

Hatua ya 5: kupandisha na kupanga

Gawanya nafasi kwenye wolpleti ya mbele tu. Mita 10 kwa nafasi 9 ni mita 1 na senti 11 kila moja, kenchi 10. Wengi wanakosea hapa: wanagawanya mbele, afu wanaenda nyuma kugawanya upya kwa urefu wa nyuma. Kama nyuma ni 10.06 na mbele ni 10.00 kila kenchi itakaa imekata upande na bati haitakubali skwea. Kutoka mbele hamisha alama kwenda nyuma kwa skwea ya 3, 4, 5, yaani pima mita 3 kwenye wolpleti, mita 4 kuvuka nyumba, na ulalo uje mita 5, hapo mstari wako uko skwea na ubao. Fanya kwa kenchi ya kwanza, zinazofuata pima nafasi ileile kutoka kwenye kenchi.

Ile senti 6 ambayo nyumba imekwenda upande itaonekana kwenye gebo. Igawanye, senti 3 kona moja zitoke nje, senti 3 kona nyingine ziingie ndani. Bati ikitoka kwenye gebo senti 57 huku na senti 63 kule hakuna macho ya mtu yatakayoona. Ukiiacha yote kona moja inaonekana.

Pandisha asubuhi. Mchana wa mwezi wa kumi Tabora upepo unazunguka ovyo, na kenchi ambayo haijafungwa ni kama tanga. Anza na kenchi mbili za mwisho, huku na kule. Simamisha kwa timazi kutoka kileleni, zishikilie na mbao pande mbili, funga waya. Halafu vuta kamba kutoka kilele hadi kilele. Hii kamba ndo bosi wa saiti kuanzia sasa. Za katikati zinapanda moja moja, kilele kiguse kamba bila kuisukuma. Ikiwa chini kidogo angalia kisigino, huenda wolpleti ina fundo au ubao umepinda, kabari ya mbao ngumu nusu senti inamaliza. Ikiwa juu, chonga kwenye wolpleti kidogo chini ya kisigino, usiikate tai bimu kuifanya iingie, hata siku moja.

Kila kenchi inayosimama iunganishe na mwenzake kwa ubao wa muda, na kabla ya kuanza papi weka mbao za mshazari, zile zinazokwenda kutoka chini ya kenchi moja mpaka juu ya nyingine. Bila hizo paa zima linaweza kulala upande mmoja kama kadi, hata kama kila kenchi ni nzuri.

Hatua ya 6: kukata mikia, papi na bati

Sasa ile mikia ya senti 70 tuliyoiacha na ziada. Vuta kamba upenu wote, kutoka mkia wa kenchi ya kwanza mpaka wa mwisho, kwa kupima kutoka kwenye kamba ya mgongo na sio kutoka kwenye ukuta. Weka alama kila mkia, kata wote kwa mstari huo. Fisha bodi, ule ubao unaofunika vichwa vya mikia, itakaa imenyooka na gata ya maji itakuwa na mlalo wa kueleweka. Ukutani chini utaona upenu unapishana senti 3 au 4, hiyo ni sawa kabisa, kwa mtu aliyesimama chini jicho linafuata fisha bodi.

Papi ya kwanza chini na ya mwisho juu zipigwe kwa kamba, za katikati kwa nafasi sawa, kama senti 90 kwa bati za kawaida. Bati ya kwanza iweke skwea na fisha bodi, usiiegemeze kwenye gebo. Ikianza imepinda hata senti 1, ukifika ya kumi chini kumekuwa ngazi. Ukishapiga tatu, shuka chini, nenda mbali uangalie, ndo uendelee.

Na kama mbao hazikukauka vizuri, mwambie mwenye nyumba mapema kwamba dari isipigwe mpaka kiangazi kimoja kipite. Rudi baada ya miezi michache upande darini na koleo, zile waya za kufungia kenchi utakuta zimelegea kwasababu mbao imesinyaa, zisokote upya zote, na misumari ya kisigino iliyochomoza ipigilie tena.